Kifaa chenye kuona joto usiku: mbele ya kukifunga ku bunduki, tuelewe kazi yake



Mu musimu uliopita, prezida wa koperative moja yenye tunafuata aliniita ku telefone. Nguruwe wa pori walikuwa wamekula mihindi ya wanamemba watatu ndani ya juma moja. Komite ilikuwa imechoka. Akaniambia: "Agronomu, mutoto wa kaka yangu anaishi Ujerumani. Anasema kule wawindaji wanafunga kifaa mbele ya darubini ya bunduki, na wanaona nguruwe mu giza. Anaweza kututafutia kimoja. Tuchange feza ao tusichange?"

Niliomba siku kumi ya kujibu. Ulizo hili limefika kwetu kutoka koperative zingine pia, kwa hiyo ninaweka jibu hapa, wote walisome.

Kifaa hiki kinafanya nini?

Kila kitu chenye joto kinatoa mwangaza fulani wenye macho yetu hayaoni. Mutu anautoa, mbuzi anautoa, hata jiwe lenye lilichomwa na jua muchana kutwa. Kifaa kina jicho la pekee lenye kupima ule mwangaza, halafu kinachora picha ku kioo kidogo: chenye joto kinaonekana cheupe, chenye baridi kinaonekana cheusi. Hakiombi mwezi, hakiombi toroshi. Hata mu giza kabisa kinafanya kazi.

Kuko aina tatu:

1. Cha kushika mu mukono. Unaweka ku jicho na kuangalia tu. Hakigusi bunduki.
2. Darubini ya joto. Inafungwa ku bunduki pahali pa darubini ya kawaida.
3. Kifaa cha mbele. Hiki ndicho mutoto wa Ujerumani alisema. Darubini ya kawaida inabaki pahali pake, na kifaa kinafungwa mbele yake na pete ya chuma. Muchana unakitoa, usiku unakirudisha.

Sikilizeni vizuri hii aina ya tatu: kifaa cha mbele kinaomba bunduki yenye darubini. Mu koperative ile, bunduki yenye walifikiria ilikuwa kalibre 12 ya muzee mumoja, na haina darubini hata moja. Kifaa kingefika, kingekosa pahali pa kukaa. Feza zingekuwa zimekwisha kuenda.

Kwa nini Ulaya wanakitumia?

Kule nguruwe wa pori wanaharibu mihindi sawa vile kwetu. Lakini sababu ya kubwa ni ugonjwa wenye tunaufahamu: homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza ku Kenya, mwaka 1921. Mu 2007 uliingia Georgia, ukatembea mupaka Ulaya. Mu Septemba 2018 ulionekana mu nguruwe wa pori kusini mwa Ubelgiji, na mu Septemba 2020 ukafika Ujerumani, mu jimbo la Brandenburg.

Ujerumani ilibadilisha sheria yake ya silaha mwanzoni mwa 2020, na wawindaji wenye kibali wakaruhusiwa kuwa na kifaa cha mbele. Hata hivyo, kukitumia usiku kunafuata sheria ya kila jimbo. Na mwindaji wa kule amepita mutihani wa serikali mbele ya kupewa kibali.

Ubelgiji walimaliza ugonjwa huu mu nguruwe wa pori: mwishoni mwa 2020 inchi ilirudi kuhesabiwa kuwa safi. Walifanya nini? Walizungusha nyaya kilometa mingi, walitafuta mizoga mu pori na kuitoa, waliweka mitego, na waliwapiga nguruwe usiku. Bunduki ilikuwa kazi moja kati ya kazi ine. Kama wangepiga tu bila nyaya, nguruwe wangekimbia na kupeleka ugonjwa mbali zaidi.

Namna ya kuchagua: usisome tu namba kubwa ku karto

Muuzaji ataandika ku karto: "Kinaona mupaka mita 1 800." Hadanganyi, lakini hasemi yote. Kuona kwamba kuko kitu, na kujua ni kitu gani, ni mambo mawili.

Picha ya kifaa imetengenezwa na vitone vidogo, pikseli. Vifaa vya bei ya chini vina vitone 256 kwa 192. Vya wawindaji vina 384 kwa 288, ao 640 kwa 512. Kisha angalia namba mbili: ukubwa wa kitone mu maikromita (leo mara nyingi ni 12), na urefu wa lensi mu milimita (10, 35, 50). Na hizo namba mbili, unaweza kufanya hesabu mwenyewe:

Gawanya ukubwa wa kitone kwa urefu wa lensi, kisha zidisha mara 10. Unapata sentimita zenye kitone kimoja kinafunika ku mita 100.

Kifaa kidogo cha mukono, kitone 12, lensi 10: kitone kimoja kinafunika sentimita 12.
Kifaa cha wawindaji, kitone 12, lensi 35: kitone kimoja kinafunika karibu sentimita 3 na nusu.

Sasa, mutu anaomba vitone ngapi ili ajue anaona nini? Mu mwaka 1958, muhandisi wa Marekani, John Johnson, alipima jambo hili. Kwa vifaa vya leo, kanuni yake inakuwa karibu hivi: vitone 2 vya urefu vinakuambia "kuko kitu", vitone 8 vinakuambia "ni munyama ao ni mutu", vitone 13 vinakuambia "ni munyama fulani".

Tuchukue nguruwe wa pori mwenye urefu wa sentimita 60 kutoka chini mupaka mugongo:

- Na kifaa kidogo: unajua kuko kitu ku mita 250, unatofautisha munyama na mutu ku mita 60, unajua kweli ni nguruwe ku mita karibu 38.
- Na kifaa cha wawindaji: unajua kuko kitu ku mita 870, unatofautisha ku mita 215, unajua kweli ku mita 130.

Hizo ni hesabu za usiku muzuri, hewa kavu, na munyama mwenye kusimama mu wazi. Mvua na ukungu vinazipunguza. Na jani la muhindi linazima kila kitu: kifaa hakioni kupita majani. Hakioni kupita kioo cha dirisha pia.

Mambo ingine ya kuuliza muuzaji:

- Kinatofautisha joto dogo namna gani? Hii inaandikwa na herufi mK. Namba ikiwa ndogo ni vizuri: 25 mK inamaanisha digrii 0,025. Kwetu ni jambo la maana, kwa sababu usiku wetu una joto, na mwili wa munyama hautofautiani sana na udongo.
- Picha inabadilika mara ngapi kwa sekunde? Na 50, munyama mwenye kukimbia anaonekana vizuri. Na 9, anarukaruka.
- Batri inakaa saa ngapi, na inachajiwa namna gani? Kama ni batri ya pekee na hauna sola, kifaa kinalala mu sanduku.
- Kwa kifaa cha mbele: pete iko ya kipimo gani? Inapashwa kulingana na upana wa inje wa darubini. Na kifaa kinavumilia kishindo cha bunduki ya nguvu gani?

Bei? Kifaa cha mbele cha muzuri kinaomba maelfu ya dola. Cha mukono cha kidogo kinaomba mamia. Hapo haujahesabu pete, batri, na njia ya kukileta.

Namna wenye kibali wanakitumia

Ninaeleza ili muelewe ukubwa wa kazi.

Kwanza, bunduki na darubini yake vinarekebishwa muchana, ku mita 100, bila kifaa. Kisha bunduki inatolewa risasi, kifaa kinafungwa, na pete inakazwa mupaka hakuna kuchezacheza hata kidogo. Kwa kawaida hakuombwe kurekebisha darubini tena, lakini mwindaji mwenye akili hakubali neno la muuzaji tu: anapiga risasi tatu bila kifaa na tatu na kifaa, analinganisha matundu. Kama matundu yamesogea, kifaa kinarudi kwa fundi.

Pili, darubini inawekwa ku nguvu ya chini, mara 2 mupaka 6. Ukiongeza, hauongezi kuona. Unafanya vitone vikuwe vikubwa tu, sawa vile kukaribia picha ya gazeti.

Tatu, na hii ndiyo kanuni ya kwanza kwa maana: hautafuti na bunduki. Kama kifaa kimefungwa ku bunduki na unakitumia kuzungukia shamba, kila kitu chenye unaangalia, umekwisha kukilengea mudomo wa bunduki. Mbuzi wa jirani. Mutoto mwenye alitoka inje kukojoa. Kwa hiyo wawindaji wenye akili wana vifaa viwili: cha mukono cha kutafuta na kutambua, na cha bunduki chenye kinafunguliwa tu wakati wanajua.

Ine, wanaangalia nyuma ya munyama. Risasi ya bunduki ya kuwindia inaweza kuenda zaidi ya kilometa 3. Nyumba yenye ukuta wa baridi haiangazi ku kifaa. Inakuwa nyeusi sawa na pori.

Kile nilikiona mu kibanda cha zamu

Mbele ya kujibu ile koperative, nilitafuta kifaa kidogo cha mukono, cha vitone 256 na lensi 10. Mwenzangu mumoja wa kazi alikuwa nacho, akaniazima. Nikaenda kukesha na walinzi wawili. Hatukuwa na bunduki.

Saa za mwanzo zilikuwa mbaya. Vichuguu vilikuwa vyeupe, mawe yalikuwa meupe, bati za nyumba zilikuwa zinachanganya macho. Jua lilikuwa limechoma kila kitu. Ilikuwa tu kisha saa sita ya usiku, udongo ulipopoa, ndipo picha ilikuwa safi.

Karibu saa kumi ya usiku, mulinzi kijana akanivuta mukono. Ku mwisho wa mihindi, mita kama 80 kutoka kwetu, kitu cheupe, cha chini, kinasogea polepole. Kinasimama, kinasogea. "Nguruwe," akasema. Nikachukua kifaa. Na mimi, mwenye nilisoma, nikaona nguruwe.

Tulipuliza filimbi. Kile kitu kikanyooka. Kilikuwa na mikono. Mama mumoja wa kijiji, muzee, alikuwa ameinama kufungua kamba ya mbuzi wake mwenye alikuwa ameshikwa mu majani tangu magaribi. Alituita na majina yetu, akauliza kama tumekuwa wazimu kupigia mutu filimbi mu usiku.

Asubuhi nilifanya hesabu. Ku mita 80, kitone kimoja cha kile kifaa kinafunika karibu sentimita 10. Mutu mwenye kuinama ana sentimita 80. Vitone 8. Tulikuwa palepale ku mupaka wa kutofautisha mutu na munyama, na woga ulimaliza kuchagua mu pahali petu. Kama mukono wa mulinzi ungekuwa na bunduki, ningekuwa ninaandika barua nyingine.

Basi, kwetu tufanye nini?

Jibu lenye nilimupa prezida ni hili: musichange kwa kifaa cha bunduki. Sababu ni ine.

Ya kwanza ni yule mama. Mu mashamba yetu watu wanatembea usiku: wenye kuenda muto mapema, wenye kutafuta munyama wao, wenye kukimbia vita. Mwindaji wa Ulaya anakaa mu mulingoti wake, na anajua kwa kawaida hakuna mutu mu lile shamba. Sisi hatuwezi kusema vile.

Ya pili ni sheria. Kwetu bunduki inaomba kibali, na uwindaji unaomba kibali kingine, kufuatana na sheria ya mwaka 1982 yenye kupanga uwindaji. Wanyama wengine, sawa vile tembo, wanalindwa kabisa, hata kama wamekula shamba lote. Mbele ya kufanya lolote, muulize ofisi ya mazingira ya teritware, na kama muko kando ya hifazi, muulize ICCN.

Ya tatu ni usalama. Mu maeneo yenye waaskari na makundi ya silaha, mulimaji mwenye kushikwa usiku na kifaa cha namna ile juu ya bunduki hataulizwa kwanza habari ya mihindi yake. Na mutoto wa Ulaya asikitie tu mu valize: kule vifaa hivi vinahesabiwa kati ya vitu vyenye vinaweza kutumika na jeshi, na kuvitosha inje kunaweza kuomba kibali cha serikali.

Ya ine ni hesabu ya feza. Kifaa kinaona upande mumoja kwa wakati mumoja, na mutu mumoja ndiye anaangalia. Nyaya, mutaro na uwanja wenye kusafishwa vinalinda pande zote, hata wakati mulinzi analala.

Sisemi kifaa cha mukono hakina kazi. Ku Maasai Mara, Kenya, tangu 2016 walinzi wa wanyama wanatumia kamera za joto kuona wawindaji haramu mu giza. Ujerumani, walimaji wanarusha droni zenye kamera ya joto asubuhi mbele ya kukata majani, ili watoshe watoto wa paa wenye kulala mule. Kwetu pia, kifaa cha mukono cha kuazima, kwa juma moja tu, kinaweza kutuambia nguruwe wanaingilia wapi, ni wangapi, na saa ngapi. Kisha tunaweka nguvu yetu palepale. Lakini kukitembeza kunaombwa kwanza kujulisha chefu wa kijiji na waaskari wa eneo.

Komite ile ilifanya hivi. Walisafisha uwanja wa mita 8 kati ya pori na mihindi, kwa sababu nguruwe haipendi kupita mu wazi. Walifunga kamba zenye makopo matupu ku njia mbili zenye tuliona nguruwe wanapita. Walipanga zamu ya watu wawili wawili, na filimbi, si mumoja peke yake. Ku mustari wa inje walipanda pilipili. Musimu ule nguruwe walirudi mara mbili, na wakala kidogo. Sitasema shida imekwisha. Lakini feza za koperative ziko mu sanduku, na hakuna mutu alilia.

Neno kwa wenye kufuga nguruwe

Nguruwe wa pori wa kwetu na ngiri wanaweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila kuonyesha ugonjwa. Nguruwe wetu wa nyumbani, karibu wote wanakufa, na hakuna dawa ya kuwaponyesha. Kwa hiyo kama munyama wa pori amekufa mu mutego ao namna nyingine, musilete nyama mbichi, matumbo ao damu karibu na kibanda cha nguruwe. Masalio ya chakula yachemshwe dakika 30 mbele ya kuwapa. Muoshe viatu na panga. Nguruwe wakae ndani ya kibanda, wasitembee ku mupaka wa pori. Kama wawili ao watatu wanakufa mara moja na homa, musiuze, musichinje: mumuite muganga wa mifugo siku ileile.

Maulizo matano kwa komite, mbele ya kuchanga feza kwa kifaa chochote cha usiku

1. Tunataka kuona, ao tunataka kupiga? Kama ni kuona, cha mukono kinatosha.
2. Ku mita ngapi tunaomba kujua kweli ni kitu gani? Mufanye ile hesabu ya vitone.
3. Nani atakitumia, nani atakichunga muchana, na batri itachajiwa wapi?
4. Chefu, ofisi ya mazingira na waaskari wanajua?
5. Na hizo feza, tungepata mita ngapi za nyaya ao mutaro?

Kama jibu la moja kati ya hayo halipatikane, mungojee. Na kama komite yenu inataka tukae pamoja kufanya hesabu, mumuambie monitere wenu wa kilimo atujulishe. Tutakuja na kipimo cha mita na karatasi. Tukeshe salama.